Dozi ya Saa Nane

Jumatatu, 4 Machi

Baba amerudi nyumbani. Siku kumi na tisa wodini, mshono mrefu tumboni, na amekonda mpaka mkanda wa suruali tumeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mvua ilitukuta kwenye geti la hospitali. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ameshajaza majirani sebuleni, nikawaondoa kwa adabu niliyobakiwa nayo, ambayo si nyingi.

Sista wa kliniki amenipa kadi ya kujaza kila siku: dozi ya asubuhi, ya saa nane mchana, ya usiku, na choo mara ngapi. Haina nafasi ya kuandika kitu kingine, kwa hiyo mengine nitayaandika hapa.

Ini la Baba limejaa makovu. Ni virusi vya homa ya ini, amekaa navyo miaka bila kujua. Pombe hajawahi kuonja, na Shangazi amechoka kuwaeleza watu hivyo. Damu inayotakiwa kupita kwenye ini imekosa njia, inarudi nyuma, inavimbisha mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Mara mbili walimteremshia mpira wenye kamera wakaifunga. Mara ya tatu alitapika damu beseni zima, hapo sebuleni, mimi ndiye niliyelishika beseni. Ndipo akafunguliwa.

Daktari aliyempasua ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Alinichorea nyuma ya bahasha: mshipa wa wengu ameuunganisha na mshipa wa figo, damu ipite pembeni.

"Nimemfungulia mchepuko," akasema. "Hatatapika damu tena, Mungu akipenda. Lakini damu inayopita pembeni haisafishwi na ini. Sumu ya chakula inapanda kichwani. Kazi ya hii dawa ya maji ni kuitoa kwa choo. Mara tatu kwa siku, bila kukosa. Ukiruka, utampoteza akiwa amekaa mbele yako."

Jumanne, 5 Machi

Dozi tatu. Choo mara tatu. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Dawa ni tamu kupita kiasi. Baba anainywa akiwa ameangalia ukuta, kisha anafuta midomo kwa leso na kusema, "Haya." Ndilo neno lake refu la siku. Alikuwa mpima viwanja, amezeeka akitembea na fito na kamba, na watu wanasema alimaliza viwanja hamsini bila kusema sentensi hamsini.

Nimehamishia meza yangu ya kutengeneza simu barazani, nimsikie akiita. Haiti. Wateja wananifuata huku huku, wanaacha simu zilizoingia maji, na kwa mvua hii sitakosa kazi.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi kaja kufua. Nilimuuliza tena kuhusu Mama. Akasema kama anavyosema siku zote, "Muulize baba yako." Mama alikufa nikiwa na miaka minne. Nyumba hii haina picha yake hata moja. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Baba alikuwa mtu wa namna gani, akajibu, "Alikufa," kana kwamba nimeuliza kazi yake.

Jumatano, 20 Machi

Daraja limezama. Dawa iliisha jana asubuhi, na duka lenye dawa liko ng'ambo. Kosa langu, ningenunua chupa mbili.

Alhamisi, 21 Machi

Nataka niandike hili polepole.

Tangu asubuhi Baba alikuwa hayuko sawa. Alivaa shati juu ya shati. Aliniuliza kama nimeshakunywa chai, na baada ya dakika mbili akaniuliza tena. Nilimwambia anyooshe mikono mbele kama askari anayesimamisha gari, alivyonifundisha Sista, na viganja vyake vikawa vinaanguka na kurudi, vinaanguka na kurudi.

Kama saa kumi alikuwa amekaa kitandani, mimi nimesimama mlangoni. Mbele yake kuna kile kiti cha mbao ambacho huwa tunawekea nguo. Akaondoa nguo, akazikunja, akapapasa kiti.

"Kaa, bibie," akasema.

Nikafikiri ananiambia mimi. Nikapiga hatua. Akanyoosha mkono kunizuia, bila kunitazama, kama mtu anayezuia mtoto asivuke barabara. Alikuwa anakitazama kiti.

"Umelowa," akakiambia. Akanyamaza, akasikiliza, akacheka. Sijawahi kumsikia Baba akicheka vile, kutoka tumboni, mpaka akashika mshono. "Basi ungengoja mvua ipungue. Nani anakukimbiza?" Akasikiliza tena. "Amelala. Usimwamshe, mbebe hivyo hivyo. Ana vidole vyako, umeona? Mimi vyangu ni vya kushika fito."

Nilitazama vidole vyangu. Nikaviingiza mfukoni, na wala siogopi vitu vya namna hiyo, mimi ni mtu wa nyaya na betri. Waliongea robo saa. Naandika "waliongea" kwa sababu sijui niandike nini. Alikuwa anaacha nafasi ya majibu, na majibu yalikuwa marefu.

Ijumaa, 22 Machi

Jirani mwenye pikipiki amezunguka njia ya juu, dawa imepatikana. Dozi tatu, choo mara nne. Kufika jioni Baba amerudi. Kiti kimerudi kuwa cha nguo.

Jumamosi, 23 Machi

Nikamuuliza akiwa mzima, macho makavu. "Baba, Mama alikuwa mcheshi?"

Aliitazama chupa. "Saa nane imefika?" akasema. Nikampa dozi yake, akanywa, akafuta midomo. "Haya."

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Dozi tatu. Simu sita. Kila saa kumi najikuta nimesimama mlangoni kwake.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimemwaga dozi ya saa nane kwenye sinki. Na ya usiku wa jana pia. Kwenye kadi nimeandika zimetolewa.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwaga na ya asubuhi. Saa kumi na nusu alianza, nami nilikuwa nimeshaweka simu nyuma ya taa, inarekodi.

Alimweleza habari za kiwanja cha mtu mmoja mbishi aliyekuwa anang'oa vigingi kila wakipima. Alimuuliza kama mgongo bado unamuuma. Alisema, "Mimi nitaamka kwa mtoto leo, wewe lala." Mtoto huyo ni mimi. Baba aliamka usiku kwa ajili yangu, na nimefikisha miaka thelathini na moja bila kuambiwa.

Wakiwa wameshaagana nikampa dozi mbili kwa mpigo. Alizinywa bila ubishi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeisikiliza rekodi kwa visikizi masikioni siku nzima, wateja wakagonga mpaka wakachoka. Sauti ya Baba, halafu ukimya, halafu Baba. Ukimya mrefu kabisa ni sekunde arobaini na mbili. Nimeupandisha sauti mpaka mwisho. Kuna mvua kwenye bati, kuna pumzi yake, na kwenye sekunde ya thelathini kiti kinalia. Mbao hulia zikinyonya unyevu. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumapili, 14 Aprili

Mara ya tatu. Sikutegemea hili.

Walikuwa wanaongea vizuri tu, halafu Baba akageuka, akanitazama usoni, kisha akakitazama kiti kama anayesikiliza swali.

"Mwenzangu anauliza wewe ni nani," akaniambia.

Nikasema, "Ni mwanao, Baba. Mwambie ni mwanenu."

Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyekosea nyumba. Akakigeukia kiti. "Ni fundi tu," akasema. "Kaja kutengeneza kitu, ataondoka sasa hivi."

Nikaenda kusimama barazani kwenye mvua. Nimelia kwa kweli, siwezi kuficha. Mtu wa busara angeacha hapo. Mimi nilirudi ndani kuhakikisha simu haijaishiwa chaji.

Ijumaa, 19 Aprili

Dozi ya saa nane sikutoa. Ya usiku sikutoa. Kwenye kadi zimetolewa. Mwandiko wangu wa kwenye kadi ni mzuri kuliko wa humu.

Jumanne, 23 Aprili

Kliniki. Sista akamwambia Baba asimamishe gari, mikono ikaanguka. Akamwambia atoe saba kwenye mia, aendelee kutoa. Baba, mtu aliyekuwa anapiga hesabu za pembe kichwani, alifika themanini na sita akapotea. Aliona aibu. Akaitazama sakafu, akasema, "Samahani, Sista."

Daktari akaisoma kadi mstari kwa mstari. "Kadi yako ni safi kuliko zote nilizonazo hapa," akaniambia. "Ningekuwa na watoto kumi kama wewe, nusu ya wodi ingekuwa tupu." Shangazi akanipigapiga bega. Daktari alibaki anaangalia kadi, uso haujatulia. Alimpima homa, akamminya tumbo, akatafuta sababu nyingine. Aliandika kitu kirefu kwenye faili.

Niliapa njiani kwamba basi. Nimeapa na sasa naandika ili nisikane.

Ijumaa, 26 Aprili

Dozi tatu. Jana tatu, juzi tatu. Baba mzima na kimya. Kiti kina suruali yake na kanga ya Shangazi.

Jumapili, 28 Aprili

Ni mara moja tu ya mwisho. Nataka amuulize Mama alikufaje. Nimepanga nimnong'oneze swali pale pale wakiongea, alifikishe.

Jumatatu, 29 Aprili

Hakuongea. Alikaa kitandani kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Nikamwaga na dozi za leo, zote tatu.

Jumanne, 30 Aprili

Saa nne asubuhi sikuweza kumwamsha. Nilimwita, nikamfinya, nikamminya kifua kwa ngumi kama nilivyoona wanafanya wodini. Macho nusu wazi. Pumzi yake ina harufu tamu ya kitu kilichokaa, kama chungu kilichofunikwa kikiwa na mabaki. Jirani wa pikipiki alikwenda kutafuta gari. Nilimshika kichwa njia nzima, nikimwambia Baba nisamehe, Baba nisamehe, na dereva akafikiri ni namna tu watu wanavyolia.

Alhamisi, 2 Mei

Wamemwekea dawa ile ile kwa mpira wa puani na kwa enema, kupitia njia ya haja. Leo mchana alifumbua macho, akaomba maji. Anamjua Shangazi. Ananijua na mimi.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari alituita kwenye kile chumba chao cha viti vya plastiki. Kadi ilikuwa mezani.

"Nimekaa na hili faili siku mbili," akasema. "Ukiacha ile ya daraja, amepotea mara nne ndani ya mwezi mmoja kama mlivyonieleza, na safari hii nusura tumzike. Hana homa, hatoki damu, hajafunga choo. Dawa anapata zote, kadi inaonyesha. Basi kosa ni langu. Mchepuko niliomtengenezea ni mpana mno. Itabidi nirudi tumboni niubane."

"Ni kazi ndogo?" Shangazi akauliza.

"Hapana, mama. Ini lake halina nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi mara ya pili. Nikibana sana, ile mishipa ya koo itavimba upya na kupasuka. Anaweza asishuke mezani. Sikufichi, ni nusu kwa nusu." Alikuwa amechoka, na alikuwa anaona haya. "Nisingependekeza kama ningekuwa na sababu nyingine yoyote. Jumatatu asubuhi. Sahihi zenu naziomba keshokutwa."

Akanigeukia mimi. "Wewe usijilaumu," akasema. "Umefanya kila kitu."

Jumamosi, 4 Mei

Sijalala. Nimejitetea kwa kila namna. Labda mchepuko ni mpana kweli. Labda wakiubana atakuwa salama zaidi, na mimi nitatoa dawa zote, na hakuna atakayejua. Labda Daktari anajua kazi yake, mimi ni fundi simu. Labda.

Nimekwenda kukaa na Baba. Amemfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili namna ya kupata kaskazini bila dira. Sentensi tatu nzima.

Jumapili, 5 Mei

Fomu ililetwa saa tano. Baba alikuwa ameegemea mito, Shangazi miguuni, Daktari amesimama na kalamu. Baba akaipokea kalamu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, baada ya siku tano za dawa bila kukosa, na hakuna aliyeuona mkono huo ila mimi. Akaanza herufi ya kwanza.

"Asitie sahihi," nikasema.

Wakanigeukia.

"Dawa sikumpa. Nilikuwa naimwaga kwenye sinki ili chupa ipungue. Kadi ni uongo. Kila alipopotea, ni mimi niliyempoteza."

Shangazi akasema, "Una wazimu gani wewe," kwa sauti ndogo, kama swali la kweli.

Daktari hakupandisha sauti. Aliichukua fomu kutoka mikononi mwa Baba, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Dozi ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la kipumbavu kiasi kwamba niliona aibu kulitoa mbele ya watu wenye viatu vya kazi. Nikasema, "Alikuwa anaongea na Mama. Nilitaka kusikia."

Baba alikuwa ananitazama. Miaka yote nimelalamika kwamba hanitazami, na leo nilitamani atazame ukuta.

"Kesho asubuhi saa mbili nilikuwa nimfungue," Daktari akasema. "Ningemuua kwa ajili ya kadi yako." Akaufikia mlango, akarudi. "Harudi nyumbani mpaka huyu mama awe ndiye anayepima dawa. Wewe usiiguse chupa."

Jumatano, 8 Mei

Mikono imetulia. Ametoa saba kwenye mia mpaka akafika mbili, akauliza kama aingie chini ya sifuri. Sista kacheka. Mimi nilikuwa kwenye korido.

Ijumaa, 10 Mei

Baba karudi. Shangazi kahamia kwetu na chupa anailalia chini ya mto. Haongei nami. Anasema na sufuria, kwa sauti, ili nisikie.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua inapungua. Dozi tatu, ameandika Shangazi. Mwandiko wake unasomeka kwa shida na kila neno ni kweli.

Alhamisi, 16 Mei

Baba ameniita. Ameniita kwa jina, kutoka chumbani, mara mbili.

"Nilikuwa nasema nini?"

Nikamletea simu. Nilidhani atasikiliza kidogo aniambie nizime. Aliisikiliza yote, dakika kumi na nane, ameinamisha kichwa. Kwenye ule ukimya wa sekunde arobaini na mbili alifunga macho. Ilipoisha akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Mama yako na mimi," akasema, "tulikuwa hatuongei."

Sikuelewa.

"Mwaka mzima wa mwisho. Kwa ugomvi ambao hata nikikuambia utaona ni upuuzi. Nilikuwa natoka alfajiri na fito zangu, narudi usiku. Alipozidiwa akaenda kwa dada yake. Wakatuma mtu, akaniambia, mke wako anakuita. Nikasema nikimaliza kupima. Nilikuwa nimebakiza vigingi viwili." Akapumua. "Nilivimaliza."

"Lakini Baba, umecheka naye. Ulimwambia alale, utaamka kwa mtoto."

"Sikuamka hata siku moja. Aliamka yeye, na mgongo ule ule." Akagusa simu kwa kidole kimoja. "Huyu ninayeongea naye humu hakuwahi kuwepo. Na huyu mwanaume pia hakuwahi."

Karibu miezi miwili nilidhani nachungulia nyumba niliyozaliwa. Nimekaribia kumuua baba yangu kwa ajili ya mazungumzo ambayo hayakufanyika. Tulikaa mpaka Shangazi akaleta dawa, akatutazama, akatoka bila kusema na sufuria.

Jumapili, 19 Mei

Jua limetoka siku nzima, bati limekauka.

Shangazi ana msiba wa jirani. Alisimama mlangoni dakika nzima na chupa mkononi, halafu akanipa. Neno la kwanza tangu hospitali. "Ya saa nane. Nimeweka alama kwenye karatasi ya chupa, na sinki nimelifunga kwa tambara."

Saa nane nikamimina kipimo, nikampelekea. Alikuwa amekaa kitandani, amenyoa ndevu, amevaa shati lake la kwendea kliniki. Nguo alikuwa ameziondoa kwenye kiti. Zimekunjwa vizuri, ziko sakafuni.

"Leo hii tuiache," akasema.

"Baba."

"Na ya usiku. Siku mbili tu." Alikuwa mzima kabisa, macho makavu, ananieleza kama anavyoeleza mipaka. "Sikupata kumwambia hayo akiwa hai. Wewe umeniona nikimwambia, tena nikimwambia vizuri. Mimi sikumbuki hata neno. Nipe nafasi nimwambie tena. Utaniamsha baadaye."

"Safari hii huenda nisiweze kukuamsha."

"Najua."

Nikakaa kwenye kile kiti. Sijui nilithubutuje, lakini nilikaa, magoti yangu yakagusa yake. Akageuza uso kama mtoto anayekataa uji. Nikamshika kidevu, nikauleta mdomo wake kwenye kikombe. Alikuwa na nguvu ya kunizuia, na hakuitumia. Akanywa huku analia, ikamwagika kidogo kwenye shati, nikasubiri, akanywa iliyobaki. Nilimshikia kikombe mpaka kikaisha, na chumbani tulikuwa watu wawili tu.